Mama aliyenilea anataka nifute maandishi ya marehemu mama kwenye baiskeli ya baba

Admin, naomba unifichie jina, watu wetu wengi wako hapa kwa page yako.

Mimi ni kijana wa miaka 29, fundi wa kupaka rangi baiskeli na pikipiki hapa Kitale. Nyumbani ni Bungoma. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka minne, hata sura yake siikumbuki, na picha zake ziliungua nyumba iliposhika moto. Kilichobaki na mkono wake ni baiskeli ya baba, ile nzito ya zamani, ya kijani. Kwa chuma cha juu mama aliandika kwa brashi na rangi nyeupe: "Rudi mapema, Nekesa anangoja." Nekesa ndiye huyo marehemu mama.

Baba hajawahi kukubali ipakwe upya. Jumapili baada ya kanisa huipangusa na kitambaa chenye mafuta kidogo, na palipobanduka amepaacha hivyo hivyo. "Hii rangi ikienda imeenda," huniambia.

Sasa tatizo. Baba alioa tena nikiwa na miaka sita. Huyo mama simwiti wa kambo. Alinibeba mgongoni hadi hospitali ya misheni nikiwa nimezidiwa, na nikisema mama, namaanisha yeye. Wiki tatu zilizopita alikuja Kitale na hiyo baiskeli kwa pikapu. Baba alikuwa ameambiwa ati inaenda kutengenezwa breki.

Nikamuuliza, "Mama, si nipake tu vanishi juu, isiendelee kushika kutu?"

Akatikisa kichwa. "Nimeishi na hayo maneno miaka ishirini na tatu. Wageni wakija wanayasoma, halafu wananiangalia. Baba yako mimi ndiye namngoja kila jioni. Piga msasa, upake nyeusi. Mtu mwingine siwezi kumwomba."

Nikasema, "Sawa mama." Sijui kwa nini nilisema sawa.

Tangu hapo sijagusa kitu. Nikishika msasa naurudisha chini. Baba anapiga simu, "Kijana, breki gani hiyo ya wiki tatu?" Namwambia spea zimekosekana. Mama akipiga namwambia rangi ya kwanza haijakauka. Nadanganya wote wawili, na wanalala nyumba moja.

Jumanne niliweka karatasi juu ya yale maneno nikawa nayafuatisha kwa penseli, herufi moja moja, maana picha ya simu naona si mkono wake. Kugeuka, mama amesimama nyuma yangu. Hakuwa amenipigia. Aliangalia karatasi, akaniangalia, machozi yakamtoka.

"Kumbe hata wewe," akasema.

Nikamshika mkono nijieleze, akautoa polepole. "Baba yako anaijia Jumamosi. Fanya vile roho yako inakutuma. Nitaiona ikiingia kwa geti." Akaenda, hata chai hakukunywa.

Nikifuta, baba hatanisamehe, na mimi nitakuwa nimemzika marehemu mama mara ya pili. Nikiacha, aliyenilea ataamini sikuwahi kumhesabu kuwa mama. Nikimwambia baba ukweli, nitavunja nyumba yao. Siku mbili hizi sijafungua kazi, simu nimezima.

Leo ni Alhamisi. Wenye mmelelewa na mama wawili, na nyinyi akina mama mlioolewa mahali palipokuwa na marehemu, msinitukane, niambieni tu ukweli: ningekuwa mtoto wenu, mngetaka nifanye nini kabla baba hajafika?