Masizi na Maji ya Bluu

Kwa miaka thelathini aliosha vioo vya maabara ya shule, akastaafu na koti jeupe lisilo na doa hata moja. Leo mtaa mzima unamwita Masizi. Tangu apumzike kazi anachoma vifuu vya nazi ndani ya debe lililozibwa, kisha anavipitishia mvuke vikiwa bado vyekundu, hadi viwe makaa yenye vitundu vidogo visivyohesabika. Vitundu hivyo ndivyo vinavyonasa uchafu wa maji.

"Kijiko kimoja cha makaa haya," huwaambia watu, "ukikikunjua chote, kinatandika nusu ya uwanja wa mpira."

"Na hayo ya usoni mwako," humuuliza dada yake mkubwa, "yanatandika uwanja gani?"

Dada huyo hutia vitambaa rangi uani. Maji yake ya bluu yalikimbia mtaroni hadi majirani wakamshtaki, na afisa wa mazingira akampa wiki mbili: yakitoka tena na rangi, karakana inafungwa. Karakana yenyewe aliianzisha mama yao. Kuifunga kungekuwa kuivua nguo familia nzima.

Masizi hakubishana na mtu. Alisimamisha bomba pana la plastiki, akaweka kokoto chini na makaa juu. Makaa aliyasuuza mara saba, kwa maana vumbi lake likibaki, huchafua maji. Yalifika nusu ya bomba, na nusu ilitosha.

Asubuhi ya ukaguzi afisa alifika na kalamu sikioni. Masizi, ndani ya koti lake jeupe, akamimina ndoo ya bluu. Afisa, dada na majirani wakainama kutazama beseni lililotegwa chini ya bomba. Maji yakatoka meusi tii.

"Mzee," afisa akasema, "si afadhali ile bluu?"

Masizi akaweka ndoo chini. Akachungulia bombani. Lilijaa hadi mdomoni. Akajua ni mkono wa nani, lakini dada ni dada.

Dada akajitengeneza mtandio. "Ni mimi. Mgeni anakuja, halafu akute nusu bomba, kama watu tusio na kitu? Nikajazia ya guniani."

"Bila kuyasuuza?"

"Na juu nikapasawazisha vizuri, papendeze."

Afisa alicheka hadi kalamu ikadondoka. Masizi akaomba nusu saa. Akayachota makaa yaliyoongezwa, akapitisha maji safi ndoo baada ya ndoo, na mbebaji wa ndoo alikuwa dada mwenyewe, kimya, jambo ambalo majirani hawajalisahau. Kisha bluu ikamiminwa tena. Ikashuka taratibu, na chini yakadondoka maji meupe kabisa. Afisa akainua glasi juani, akaigeuza huku na huku, akaandika: karakana iendelee.

Alipoondoka, dada akalitazama bomba.

"Kwa hiyo litabaki hivyo hivyo, nusu?"

"Nusu, dada."

Dada akaingia ndani, akarudi na kitambaa cha bluu kilichopigwa pasi.

"Basi angalau tulifunike."