Saa Tisa ya Barua ya Mwalimu Mkuu

Ilianza Alhamisi, saa tatu kamili asubuhi, kwenye ukumbi wa shule, nikiwa nimesimama nyuma ya meza ndogo.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, mwaka wa mwisho wa shule ya kati. Mezani nilikuwa nimepanga daftari la hesabu, mradi wa sayansi na fomu moja ya njano. Fomu ndiyo iliyokuwa na maana. Siku ya Wazazi kila mtoto alimweleza mzazi wake kazi zake, mzazi akatia saini, na mtoto akapata nafasi kwenye kundi la juu la hesabu mwaka unaofuata. Pasipo saini unabaki kundi la kawaida. Na ilitakiwa saini itiwe siku hiyohiyo, mbele ya mwalimu, kabla ya saa tano.

Mimi ni mtu wa haya. Jibu nalijua, lakini mkono hauinuki. Siku hiyo ilikuwa tofauti kwa sababu tuliruhusiwa kueleza kwa lugha ya nyumbani. Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki mbili chooni, mlango nimeufunga: "Mama, hii herufi hapa ni namba tusiyoijua bado." Hesabu ndiyo kitu pekee shuleni ambacho sihitaji kupaza sauti ili nionekane nimekiweza. Niliitaka ile nafasi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Saa tatu na nusu, meza zote zilikuwa na watu isipokuwa yangu. Jirani yetu wa ghorofa moja, mama wa Kikenya ambaye ni mlinzi kwenye jengo la maduka, alikuwa amekuja na sare yake kabisa kabla ya zamu. Alimaliza na mwanawe, akanijia.

"Mrembo, mathe wako ako wapi?"

"Anakuja, Auntie."

"Anakuja lini na watu wanamaliza? Hii ni Dubai, si Tanga. Huku hakuna mambo ya pole pole." Akacheka, akanipiga bega kidogo. Hakuwa na ubaya. Lakini meza mbili za jirani zilisikia.

Saa tano kasoro dakika tano mwalimu mkuu alipita akipiga picha za barua yake ya wiki. Alifika kwangu, akashusha simu.

"Hukupata mtu?"

Nikatikisa kichwa.

"Pole, mpenzi," akasema, akaenda kupiga picha meza nyingine.

Hizo barua zake lazima nizieleze. Kila wiki aliwaandikia wazazi: kofia za jua, chupa za maji, mashindano ya kuogelea, wiki ya vitabu. Aliziita barua za majira ya kuchipua. Mwezi wa nne Dubai kinachochipua ni jasho, lakini huko alikozaliwa yeye labda kuna maua. Mwaka ule aliamua kila familia ipate barua kwa lugha yake. Alijivunia sana jambo hilo, alilisema kwenye kila mkutano. Tafsiri ya Kiswahili ilifanywa na simu yake.

Wiki moja kabla ya Siku ya Wazazi alinisimamisha kwenye korido. "Wewe ni Mswahili, siyo? Hebu nitazamie hii, dakika moja tu."

Nikasoma: *Karibuni Siku ya Wazazi ya Chemchemi. Alhamisi, saa 9:00. Mtoto wako ataongoza.*

Niliona chemchemi: kwa Kiingereza majira yale na chemchemi ni neno moja, *spring*. Chemchemi kwetu ni maji yanayotoka ardhini, haina uhusiano na majira ya mwaka. Nilitaka kumwambia. Lakini nyuma yake walisimama wasichana wawili wa darasa langu wakitazama, na nikaanza kupanga sentensi ya Kiingereza kichwani, na sentensi ikawa ndefu, na dakika ikaisha.

"Iko sawa?"

"Iko sawa, Miss."

Ile saa sikuiona kabisa. Shuleni macho yangu husoma saa kwa Kiingereza bila hata kuniuliza.

Nyumbani, tangu nianze shule, mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea mama barua za shule. Mama ni fundi cherehani huko Satwa, anapiga pindo za abaya. Kiingereza chake ni cha vipimo na rangi. Na niseme ukweli: mara nyingine nilikuwa nazifupisha zile barua. Mkutano nisiotaka aende, niliuruka. Ndiyo maana barua ya Kiswahili ilipofika, alinipokonya simu kabisa.

"Leo usinisomee. Hii kaniandikia mie."

Akasoma taratibu, midomo ikicheza. "Siku ya Chemchemi! Kwani huko shuleni kwenu kuna kisima?" Akacheka hadi machozi. Kisha akaendelea kusoma kimyakimya mpaka mwisho, akaiweka simu kifuani kama mtu aliyepokea salamu kutoka mbali. Kesho yake alimwomba arbab wake, mwenye duka la kushonea, ruhusa. Hakuniambia ya saa ngapi, na mimi sikuuliza. Ningeuliza ningeonekana namsomea tena.

Alhamisi asubuhi niliondoka saa kumi na mbili na nusu kuwahi basi. Alikuwa bado na kanga, anakaanga visheti vya kupeleka. "Tutaonana hukohuko," akasema.

Basi la shule lilinirudisha saa tisa kasoro robo. Nyumba tupu. Nilikaa kitandani na fomu ya njano isiyo na saini, nikapanga maneno. Saa kumi na moja kasoro robo nikasikia ufunguo. Mama akaingia amevaa gauni jipya la kitenge, alilolishona mwenyewe, kakumbatia kontena la visheti. Sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Ungesema tu hutaki kuja."

Akasimama palepale mlangoni. "Unasemaje?"

"Ungesema unaona haya kuja. Mama wa Kikenya ana zamu na alikuja. Mimi nilisimama peke yangu kama niliyeokotwa."

Hilo neno nimeliandika hapa kwa sababu nililisema. Sikuwahi kumjibu mama vile.

"Mwanangu," akasema polepole, "mie natoka huko sasa hivi."

"Huko wapi?"

"Shuleni! Mlinzi wa getini kanambia khalas, mama, khalas, imekwisha, nenda nyumbani. Nikamwambia mie nina barua ya mwalimu mkuu. Nikamwonyesha. Yeye ananionyesha saa ya mkononi, mie namwonyesha barua. Tumeonyeshana mpaka jua limenichoma." Akatoa simu. "Au nimekosea siku? Hebu tazama, siku ni hii au si hii?"

Nikatazama. Alhamisi. Saa 9:00.

"Mama, ulifika saa ngapi?"

"Saa tisa kasoro dakika kumi. Nilitaka niwahi."

Nikakaa chini sakafuni. Nilimweleza kwamba Miss aliandika saa ya Kizungu, kwamba tisa yake ni tatu yetu ya asubuhi, kwamba ukumbi ulifungwa saa tano. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza.

"Kwani barua si ya Kiswahili? Kama ni ya Kiswahili, saa yake mbona ya Kizungu?"

Ningekuwa na ujasiri wa kumwomba radhi wakati huohuo ningeomba. Kabla sijafungua mdomo simu yake ikalia. Barua mpya ya mwalimu mkuu, na picha za ukumbini. *Tunashukuru familia zote zilizojali. Familia chache zilichagua kutokuja. Watoto wao wataendelea katika kundi la kawaida.*

Mama akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye "zilichagua" akarudia.

"Zilichagua. Mie nimechagua?"

Akaenda jikoni, akamimina visheti kwenye sahani, akaniletea. "Kula, vitalainika." Hakulia. Afadhali angelia.

Hasira niliyokuwa nayo jioni ile ilinishika mpaka kwenye meno. Nilimchukia Miss na simu yake, na neno "mpenzi" alilonitupia kama peremende. Nilimchukia mtu anayeandika kwa lugha yangu bila kujua kwamba lugha yangu ina saa zake, kwamba kwetu siku inaanza jua likichomoza na si usiku wa manane, na kwamba mamilioni ya watu wazima wenye akili timamu wanaishi hivyo na hawachelewi kazini. Alijisifu mbele ya wazazi wote kwamba ametufungulia mlango. Mama yangu alipofika, mlango ulikuwa umefungwa, na aliyelaumiwa ni mama. Na katikati ya hasira hiyo yote ilikuwepo sauti yangu mwenyewe, nyembamba, ya adabu: *Iko sawa, Miss.*

Nilimwambia mama hilo pia. Kwamba nilionyeshwa, na nikanyamaza.

Akauliza, "Ulinyamaza kwa haya?"

"Ndiyo."

"Haya ni nzuri, mwanangu. Lakini haya ya kunyamazia kosa si haya, ni woga. Lete hiyo karatasi."

Akatia saini. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akaandika pembeni ya saini kwa mwandiko wake wa kujikaza: *Nilifika saa tisa kasoro dakika kumi.*

Ijumaa asubuhi sikwenda mstarini. Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu, nikagonga mara moja, nikaingia kabla sijaitwa, maana ningengoja kuitwa ningekimbia. Niliweka fomu mezani. Kiingereza changu kilitoka vipandevipande, lakini kilitoka.

"Mama yangu alikuja. Barua yako ilimwambia saa tisa. Saa tisa ni alasiri."

"Lakini mpenzi, tisa ni tisa."

"Si kwa Kiswahili, Miss." Nikamweleza kwa vidole, nikianzia jua linapochomoza.

Uso wake ukang'aa. "Ajabu iliyoje! Hii inafaa kwenye barua ya wiki ijayo. Kona ya Je, Wajua? Watoto watafurahi sana!"

"Hapana," nikasema.

Nadhani lilikuwa neno la kwanza nililosema kwa sauti kubwa katika shule ile. Hata yeye alishtuka.

"Si la kufurahisha. Uliandika kwamba alichagua kutokuja. Amesoma. Andika kwamba alikuja, na kosa ni la shule. Na fomu uipokee."

Akaichukua, akaitazama, akayatazama maneno ya pembeni asiyoweza kuyasoma. "Orodha nimeshaifunga jana. Lakini tutaona, inshallah."

Kila mtu Dubai anaijua inshallah ya ofisini maana yake nini.

"Hapana, Miss. Gonga mhuri."

Kengele ikalia. Akaniambia niende darasani. Nikamwambia nitakwenda akishamaliza, na sauti yangu ilikatika katikati, nikairudia sentensi yote toka mwanzo ili isibaki imekatika. Kisha akavuta mhuri, akagonga, akaandika tarehe ya jana. Halafu akanisogezea kibodi. "Basi iandike wewe, kwa Kiswahili. Nitaituma."

Nikaandika: *Jana mzazi mmoja alifika saa tisa kama barua ya shule ilivyomwambia, akakuta geti limefungwa. Hakuchagua kutokuja. Kosa ni la shule, na pia la mwanafunzi aliyeonyeshwa barua akanyamaza.*

"Inasemaje?" akauliza.

Nikamtafsiria yote, neno kwa neno, bila kufupisha. Alipofika kwenye kitufe cha kutuma, kidole chake kikasita. Mimi sikuondoka mpaka alipokibonyeza.