Gudulia la Achari kutoka Mdomo wa Godavari

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu mtu hali mpaka anawe. Unamwagiwa maji, unakung'uta vidole mara mbili, unatia mkono sahanini. Habari ya kujifuta kwa taulo kabla ya kula sikulelewa nayo. Basi kwa mkono huo wa majimaji nilifanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka.

Ilikuwa Guangzhou, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Nilikuwa nikinunua mashati na kandambili za kupeleka nyumbani, na nilipanga chumba nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu pamoja na Mhindi mmoja. Nikisema Mhindi msifikirie wale wa madukani kwetu. Kigujarati alikuwa hakijui, kama nisivyokijua mimi. Lugha yake ilikuwa Kitelugu, mtu wa Andhra Pradesh, pwani ya mashariki ya India. Kazi yake ilikuwa kukagua mawe ya kwao yanaposhushwa bandari ya Huangpu, mawe meusi yenye vimeta kama dhahabu, ya kupamba mahoteli ya watu wenye pesa. Tulielewana kwa Kiingereza cha kuokoteza. Nilimzidi umri, akawa ananiita anna, ndiyo kaka mkubwa kwao, na nikalipenda jina hilo kuliko langu.

Wiki ya kwanza tu alinichorea kwao kwa wali, juu ya sinia. Hapa nyuma milima. Hapa mito miwili, Krishna na Godavari, inashuka mpaka baharini, na kwenye midomo yake nchi tambarare, mpunga na minazi na mifereji. Huku Guntur, pilipili zinaanikwa uwanjani mpaka mpita njia anapiga chafya. Bahari yao iko mashariki kama yetu, jua linatoka majini. Kijiji chao akakiweka ukingoni kabisa, punje moja ya wali. Nikamuuliza, bahari ikichafuka mnakimbilia kilima gani? Akasema kilima hakuna, lipo jengo la zege la kujihifadhi na tufani, watu hupanda juu ya paa lake. Kisha akaila ile punje, tukacheka.

Na lilikuwapo gudulia. La kaure, chini jeupe, juu rangi ya kahawia. Mama yake alilijaza achari ya embe mbichi, haradali na pilipili ya Guntur, akalifunga kitambaa, naye mwanawe akalipakata ndani ya ndege safari nzima. Achari hiyo, alinieleza, hutengenezwa mara moja kwa mwaka, joto linapokuwa kali, na ndiyo ya mwaka mzima. Siku hiyo mama huchanganya wali kwenye chombo kilichobaki na rojo ya achari, akafinyanga matonge, akamtilia kila mtoto mkononi, hata mtoto mwenye ndevu.

Lakini gudulia halitaki maji. Kijiko kikavu, mkono mkavu, unachota kidogo kwenye kisahani, unafunga. Achari ikiota ukungu, nyumba hiyo ina msiba njiani. Hilo alilisema bila kutabasamu. Mimi nilimcheka. Achari yetu ya ndimu inashinda juani wazi, nzi wanaijulia hali, na hakuna aliyezikwa kwa sababu hiyo.

Ijumaa moja, yeye yuko Huangpu, nimerudi kutoka kuswali na njaa imenibana. Nikanawa, nikakaa mbele ya wali wangu, nikatia vidole vitatu moja kwa moja guduliani. Ilikuwa tamu, jamani. Nikarudia Jumamosi, nikarudia Jumapili.

Siku kadhaa baadaye zikaja habari za tufani. Tulikuwa kwenye mgahawa wa chini, televisheni ikaonyesha wingu linazunguka juu ya bahari yao. Kichina cha mtangazaji hatukukielewa sana, ila ramani tuliielewa. Mwenzangu akainuka, akaweka kidole kwenye kioo, palepale alipoweka ile punje. Chakula chake hakukigusa tena.

Tangu hapo akawa mtu wa kibanda cha simu. Asubuhi anakwenda, mchana anakwenda. Mama mwenye kibanda anampigia, anasikiliza, anatikisa kichwa: meiyou, hakuna. Laini za kule zimekatika. Anarudi chumbani, anakaa kitandani na viatu vyake.

Siku ya pili ya hali hiyo, ametoka kwenda kupiga, nikaona nimwandalie chakula cha kwao, labda atakula. Nikafungua gudulia. Juu ya mafuta mekundu umekaa ukungu, mweupe, una manyoya.

Vidole vilivyoingia humo nilivijua, vilikuwa vimeshika kifuniko. Mimi ni Muislamu, mambo ya ndege mbaya na dalili za mikosi siyaamini, na niliyakana kwa sauti mle chumbani, peke yangu. Lakini niseme kweli, niliogopa. Niliogopa ataona akate tamaa. Na niliogopa jingine ambalo nalionea haya: kwamba ni kweli, kwamba mama wa mtu yuko kwenye maji kwa ajili ya ulafi wangu.

Nikalifunika, nikalisukuma chini ya kitanda changu, nyuma ya marobota ya mashati. Aliporudi, hakuuliza. Nami nikajikausha, nikajifanya nahesabu mashati. Nikaanza ujinga mwingine: kila nikinawa, najifuta. Nikitawadha, najifuta. Nafuta mpaka katikati ya vidole, na wakati wa kufuta umekwishapita.

Siku ya nne simu ikapatikana. Nilikuwa nimesimama naye, nimeshika kofia yake. Akaongea Kitelugu haraka, kisha akasikiliza muda mrefu. Neno nililolitambua lilikuwa moja, amma, mama. Alilisema mara ya kwanza kama anayeuliza. Mara ya pili hakuwa anauliza.

Tulipofika barabarani akanieleza, ameshika mkono wangu. Mama alikuwa ameshapanda juu ya lile jengo la zege na wenzake wote. Akakumbuka magudulia ya achari yako sakafuni, ya mwaka mzima. Akashuka kwenda kuyainua. Kaka yake mwenzangu alipofika asubuhi, nyumba haikuwapo, wala magudulia.

Tulipanda ngazi. Mlangoni akasema, "Anna, nipe gudulia langu."

Kumbe alijua liliko. Nikapiga magoti, nikalivuta, nikaliweka mbele yake, na kabla hajafungua nikamwambia yote: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, maji, vidole. Nilingoja kipigo, na Mungu shahidi, nilikitaka.

Alitazama ule ukungu. Akachukua kijiko kikavu, akautoa taratibu na tabaka la chini yake, mpaka mafuta mekundu yakatokea. Halafu akatia wali wote tuliopika asubuhi, uliobaki chunguni, humo humo guduliani, kama linavyotiwa gudulia lililokwisha, akachanganya kwa mkono, akafinyanga tonge.

Mimi nilikuwa nimekwenda kunawa. Mazoea tu, hofu yote ile haikunifunza kitu. Nilirudi mkono unachuruzika, nikasimama, nikauona, nikataka kuuficha nyuma.

Akaushika. Akavuta pindo la shati lake, akanikausha kidole kimoja kimoja, polepole, mpaka cha mwisho. Kisha akaniwekea lile tonge katikati ya kiganja.

"Kula, anna," akasema. "Mama hatatengeneza nyingine."