Mama Jane Huonja Kwanza

Msimu ule timu yetu, Mbizi Stars, walipocheza Ligi Kuu, wageni walikuwa wanaiogopa Sumbawanga. Si mpira wetu waliouogopa, maana tuliburuza mkia tangu mwanzo. Waliogopa chakula. Jina la uchawi limetuganda, basi kila timu iliyopanda huku ilikuja na mpishi wake, sufuria zake, hata maji yake ya kunywa. Mimi nilikasirika. Mama Jane aliumia, maana kupika ndiyo kazi yake.

Jina lake hasa ni Agnesi, mzaliwa wa Kaoze, na mgahawa wake uko Mazwi, hapa mjini. Siku ya mechi hujifunga kitenge cha bluu, hufunga na mgahawa mapema, na kule uwanjani hakuna mwamuzi asiyeijua sauti yake. Mbizi wakifungwa, siku hiyo hali chakula. Ana desturi moja aliyoachiwa na bibi yake: anayempa mgeni kitu sharti akionje kwanza mgeni akiona, iwe pombe ya ulezi au uji. Vijana wa mjini humtania kwamba anawapunguzia chakula. Yeye huonja tu.

Ikafika mechi ya mwisho. Tulihitaji sare, tukifungwa tunashuka daraja. Wapinzani wetu, timu moja ya pwani, walifika bila mpishi. Gari lake liliharibika njiani, huko Laela. Tangu jana yake walikuwa wanatafuna biskuti. Asubuhi nahodha wao, Ebenezer, kijana wa Mbeya, akaja kusimama mlangoni kwa Mama Jane, wenzake wamejipanga nyuma yake kama watu waliofuata chanjo.

"Shikamoo, mama. Tuna njaa."

"Marahaba, mwanangu. Ingieni."

Wilibrodi, mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki, nusura apaliwe na chai. "Mama Jane, unataka kutuua? Waache wacheze na njaa yao!"

"Uwanjani nitawazomea mpaka sauti ikauke," alimjibu, huku anapuliza moto. "Hapa ni kwangu, Wili."

Akasonga ugali, akapakua na maharage na samaki. Wale vijana wakaketi mikono mapajani, hakuna aliyegusa. Ndipo akachukua kijiko, akapita meza kwa meza, na kitenge chake cha bluu kiunoni, akionja kila sahani na kumeza mbele ya mwenye sahani. Hakuharakisha. Ebenezer akamega tonge la kwanza, na baada ya hapo ikawa kutafuna tu.

Jioni ile walitufunga moja bila. Mfungaji ni huyohuyo Ebenezer, kwa kichwa, aliruka utadhani hajala kitu. Mbizi wakashuka daraja. Mama Jane alilia palepale jukwaani bila kujificha, na Wilibrodi akamsimamia kichwani: "Umeona? Ugali wako ndio umetufunga!"

"Basi umetufunga," alisema. "Lakini sikuwanyima."

Nampenda mwanamke huyu kwa jibu lile. Sisi wengine tungetafuta kisingizio.

Tukarudi naye Mazwi. Hata moto hajauchochea vizuri, basi la wapinzani likasimama nje. Nikajua wamekuja kutucheka, nikasimama mlangoni kuwazuia. Ebenezer akashuka, kofia mkononi.

"Mama, pole sana. Safari ni ndefu. Mpishi wetu ameshafika, lakini vijana wanasema wanataka kula kwako."

Mama Jane akajifuta uso kwa pindo la kile kitenge cha bluu, akapika. Alipomaliza kupakua alichukua kijiko chake kama kawaida, akageukia meza ya kwanza. Sahani ilikuwa nusu. Akatazama ya pili, ya tatu. Mikono yote ilikuwa kwenye ugali, na hakuna aliyemsubiri aonje.