Darubini Iliyolia Kama Kengele ya Ng'ombe

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya ujana wangu ambayo mimi naweza kuisahau, lakini shingo yangu haikubali. Ikiguswa na kola ngumu, inanikumbusha. Nami nikikumbuka nacheka, kwa hiyo usinionee huruma. Kaa unisikilize, hasa wewe unayejiandaa kubeba mizigo ya wageni milimani na porini.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa milango. Mtaa wa Ngarenaro mjini ulijaa marobota ya mitumba, na humo yalitoka mabegi ya mgongoni yenye mikanda mipana ya kiunoni ambayo wengi wetu hatukujua ni ya nini. Tuliikata tukafungia magodoro. Kampuni za uwindaji nazo zilianza kutafuta vijana. Mimi nilikuwa kijana wa Kikwe niliyekuja mjini kujifunza ushonaji wa viatu. Niliposikia nafasi ipo, nilimuaga fundi wangu kwa maneno makubwa kuliko mdomo wangu, kwamba mimi na gundi ya viatu basi tena.

Fundi hakukasirika. Alichomoa sindano yangu ya viatu ubaoni, akanipa pamoja na kibonge cha uzi uliopakwa nta.

"Nenda nayo," alisema. "Porini nako vitu vinachanika."

Niliichukua kwa adabu tu. Moyoni niliona ananipa mkosi.

Kambi yetu ilikuwa nyikani, upande ambao Mlima Meru unauona ukiwa umekupa mgongo. Mfuata nyayo mkuu alikuwa Mzee Lembris, Mwarusha, mwembamba, mtu wa maneno machache na mizaha mingi. Macho yake ya karibu yalikuwa mazima. Angeweza kusoma unyayo uliopita juzi. Ya mbali yalikuwa yameanza kuchoka. Kwa hiyo alihitaji kijana wa kumfuata nyuma akiwa na darubini, naye huyo huyo abebe begi la maji, chakula, turubai na dawa. Mkuu wa msafara aliniambia bila kuzunguka: nitajaribiwa safari hiyo moja. Nikifaa, nitakuwa mtu wa darubini. Nisipofaa, nitamalizia jikoni nikiosha masufuria, kisha nirudi mjini. Kurudi mjini, mwanangu, kulikuwa ni kurudi kwa yule fundi.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Darubini ile ilikuwa nzito, nyeusi, inang'aa. Kwetu wakati ule aliyeonekana na darubini shingoni alikuwa mtu. Nikarefusha kamba yake mpaka ikaning'inia tumboni, ili nikipita karibu na maboma hata mtu wa mbali aione. Kisha nikabeba begi juu yake. Mikanda ya begi ikaikalia kamba, kamba ikazama shingoni kama waya unaokata sabuni. Na pale tumboni palikuwa na pete ya chuma ya mkanda wa begi. Kila hatua, darubini ilijibu: ko, ko, ko.

Tulikuwa tunafuata pofu. Mgeni wetu, mzee mmoja mpole, alikuwa na leseni ya dume mmoja. Pofu ni swala mkubwa kama fahali wa ng'ombe, lakini masikio yake hayana mchezo. Tulifuata nyayo tangu mapambazuko hadi jua kali, na tulipofika tukakuta vumbi tu.

Mzee Lembris aliinama, akatazama nyayo, akanigeukia.

"Mbise, nyumbani kwenu ng'ombe anayetangulia malishoni mnamvika nini?"

"Kengele, mzee."

"Kwa nini?"

"Ili tumsikie alipo."

"Basi hata pofu wanakushukuru."

Dereva na askari wa wanyamapori tuliokuwa nao walicheka mpaka wakashika miti. Mimi nikacheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo.

Kesho yake nikajiona mjanja. Nikaitia darubini ndani ya begi, katikati ya mfuko wa unga na turubai. Shingo ikapumzika, kelele zikaisha. Tukapanda kilima kidogo cha mawe, na ng'ambo ya bonde kitu kikatikisika vichakani.

"Tazama," Mzee alinong'ona.

Nikaanza. Nikafungua mkanda wa kifua, nikafungua wa kiuno, nikashusha begi, nikatoa turubai, nikatoa unga. Nilipoipata darubini na kuipangusa, bonde lilikuwa tupu.

"Macho umeyafungasha pamoja na unga?" Mzee aliuliza. Safari hii hakutabasamu. "Sikia, kijana. Mgeni amebakiwa na siku moja, kesho kutwa. Siku hiyo darubini atabeba dereva. Labda unionyeshe kitu kabla ya hapo."

Nilitumwa maji. Kisimani nilimkuta bibi wa boma la jirani, ambaye sote tulimwita Koko, kama Wamaasai wanavyomwita bibi. Alikuwa akipakia madumu ya maji juu ya punda wake.

"Takwenya, Koko," nilimsalimu.

"Iko," aliitikia, kisha akanisogelea akatazama shingo yangu iliyochubuka. "Nani alikufunga kamba, mwanangu? Ulikuwa umeiba mbuzi?"

Nikamweleza yote. Wazee husema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini mimi sikuuliza hata. Nilikuwa nalalamika tu. Koko alicheka hadi shanga zikalia. Halafu akamgonga punda wake mgongoni.

"Umemwona huyu? Huyu ni punda. Mbona hata yeye simfungi mzigo shingoni?"

Nikatazama. Mwanangu, nilikuwa nimeona punda wamepakiwa tangu utotoni, na siku ile ndipo nilipotazama. Kwanza alikuwa ametandika ngozi, ikalala bapa bila mkunjo. Ukanda mmoja ulipita kifuani, mwingine chini ya tumbo, zote zikikutana ubavuni. Mafundo yote yalikuwa pembeni. Chini ya mzigo hapakuwa na fundo hata moja.

"Kwa nini fundo halikai chini ya mzigo, Koko?"

"Likae wewe ulilalie," alisema. "Fundo likikaliwa na mzigo linakuwa mwiba. Punda hawezi kusema. Wewe una mdomo, na bado umenyamaza na mwiba wako."

Aliponiona nimezubaa, akanikatia kipande cha ukanda wa ngozi ya ng'ombe, upana wa vidole viwili, akanisukumia madumu yangu.

Siku iliyofuata mgeni alipumzika. Dereva alinipa tyubu ya tairi iliyozibwa viraka mpaka ikakataa. Nikatoa sindano ya yule fundi, na nikaona haya kidogo. Nilikata tyubu vipande viwili virefu. Kila kimoja kilipita juu ya bega, kikakatiza mgongoni, kikarudi chini ya kwapa la upande wa pili mpaka kwenye darubini. Pale vilipokatizana nilifunga fundo, nikabeba begi lenye mawe, nikazunguka kambi. Fundo likanichoma kati ya mabega. Koko alikuwa amesema, nami sikuwa nimesikia. Nikalifumua, nikashona mahali pake ile ngozi, bapa, mshono ukitazama nje.

Nikajaribu tena. Mikanda ya tyubu kwanza, juu ya shati. Begi baadaye, juu yake. Darubini ikakaa kifuani, upana wa kiganja kizima juu ya pete ya begi. Nikikimbia hairuki. Nikitaka kutazama, mpira unavutika, darubini inafika machoni; nikiachia taratibu inarudi kulala. Ule mkanda mpana wa kiunoni tuliozoea kuukata nikaukaza barabara juu ya nyonga, na uzito wa begi ukashuka kutoka mabegani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ile na wangu ulikaribia kuwa usufi.

Mzee Lembris alinizunguka mara mbili. Akavuta mpira, akauachia. "Umetoka kwenye ng'ombe umeingia kwenye punda," alisema. "Unapanda cheo. Kesho beba wewe."

Siku ya mwisho tulitoka kabla umande haujakauka. Nyayo zilikuwa mbichi. Mzee mbele, mimi nyuma yake, mgeni na wengine wakifuata. Tulitembea kimya hadi kwenye migunga iliyosongamana. Ndipo nikasikia: ko. Ko. Ko.

Nikaikamata darubini kwa mikono miwili, nikaigandamiza kifuani. Ilikuwa imetulia kama mtoto aliyeshiba. Na bado: ko. Ko.

Nikamtazama Mzee, niko tayari kuapa kwamba si mimi. Alikuwa ameinua kidole, uso wake wote ukicheka bila sauti.

"Leo si wewe," alinong'ona. "Ni goti la pofu. Dume mzito akitembea, goti lake hulia hivyo. Siku zote alikuwa anatuambia alipo, ila kengele yako ilimzidi sauti. Tazama."

Nikainua darubini bila kugusa begi. Kati ya matawi nikaona pembe, kisha shingo pana yenye ngozi inayoning'inia. Nikamwonyesha Mzee, Mzee akamwonyesha mgeni. Risasi ilikuwa moja, na kuanzia siku ile nikawa mtu wa darubini. Jioni ile nyama ilifika kwenye boma la Koko, na paja zuri nililibeba mimi mwenyewe, mgongoni, bila fundo lolote chini yake. Mzee Lembris naye aliniagiza nimshonee mikanda kama ile. "Ya kufungia redio," alisema, lakini kesho yake nilimwona anajaribu darubini.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Chombo cha kazi kibebe kwa ajili ya kazi, usikibebe kwa ajili ya macho ya watu. Utakachokihitaji kwanza kikae karibu na mwili na karibu na mkono; kizito kiachie nyonga; na palipo na mzigo pasiwe na fundo. Ukiumia sema, maana punda peke yake ndiye asiyeweza. Ufundi uliojifunza zamani usiudharau, hujui utakapouhitaji. Na unapotembea, nyamaza kwanza wewe. Huenda unachokitafuta kinakuita.

Mungu akupe mabega yenye nguvu na mzigo unaolingana nayo. Akujalie watu wa kukucheka kwa upendo, na masikio ya kuwasikia. Na kila uendako, shingo yako irudi nyumbani ikiwa nzima.