Nilipomwambia Mjane Asubiri

Siku ya kwanza kazini, katika kituo cha msaada wa kisheria kule Kinondoni, nilivaa suti ya mahafali. Mteja wangu wa kwanza, fundi makenika, aliniuliza kama polisi wanaruhusiwa kumshika mkewe kwa kuwa yeye wamemkosa. Nikamweleza kwa kirefu jinsi jinai inavyomfuata mtenda kosa binafsi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia mkuu wa kituo. "Mama, kwa hiyo wanaruhusiwa au hawaruhusiwi?" Mama akamjibu hawaruhusiwi, akachukua mkoba wake, wakaongozana kituo cha polisi. Mimi nikabaki na suti yangu.

Maswali mengi yalikuwa ya namna hiyo. Aliyeachishwa kazi tulimuuliza tarehe kabla ya jina, maana lalamiko lake lina siku thelathini tu. Anayedaiwa tulimweleza kuwa mdai hana ruhusa ya kuja kumbebea friji bila amri ya mahakama. Wanandoa waliotaka talaka tuliwapeleka kwanza baraza la usuluhishi. Mkuu wa kituo hakupandisha sauti hata siku moja, ila kila akipita nyuma yangu aliniambia, "Wewe si redio. Sikiliza."

Baadaye nikahamishiwa Temeke kuongoza tawi. Huko akaja Mwajuma, mkazi wa Mbagala. Mume wa dada yake, Bi. Zuhura, alikuwa amefariki, na Bi. Zuhura alikuwa amekaa eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane wa Kiislamu hukaa ndani. Ukoo ulikuwa umeshafanya kikao bila kumwita, ukampendekeza mdogo wa marehemu awe msimamizi wa mirathi. Msimamizi kazi yake ni kukusanya mali na kuwagawia warithi. Mali haiwi yake. Lakini Mwajuma alishasikia shemeji huyo akiitafutia mteja nyumba ambayo dada yake na marehemu waliijenga pamoja. Akauliza wafanyeje.

Mimi ni Mkristo wa Songea, tena msomi, na niliogopa kuonekana sijui desturi za watu wa Pwani.

"Tusimsumbue," nikasema. "Amalize eda yake kwa utulivu, halafu aje mwenyewe asaini pingamizi."

Mwajuma akanishukuru. Nikajiona mstaarabu kweli kweli.

Tangazo la maombi ya usimamizi likabandikwa kwenye ubao wa mahakama ya mwanzo, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Bi. Zuhura alikuwa ndani. Shemeji akateuliwa, akauza. Eda ilipoisha, Bi. Zuhura alikuja ofisini na barua ya mnunuzi inayomtaka ahame.

Mkuu wa kituo alikuja Temeke siku iliyofuata.

"Nani alikwambia mwenye eda hashiki kalamu?"

"Niliheshimu dini yao, mama."

"Dini haikukukataza wewe kwenda kwake. Ungekaa ukumbini, yeye akawa chumbani, karatasi akaipeleka Mwajuma. Sisi tunafanya hivyo miaka yote. Usinitajie dini, baba. Hukuuliza."

Tulifungua maombi, na hakimu akatengua uteuzi wa shemeji kwa kuwa mjane hakushirikishwa. Lakini mnunuzi alikuwa ameshaibomoa nyumba na kuanza msingi mwingine. Kesi dhidi yake ikawa kesi nyingine, baraza jingine, la ardhi, miaka mingine, mpaka Bi. Zuhura akachoka kuhudhuria.

Nilimfuata kwa Mwajuma, alikokuwa amepewa chumba cha uani, nimwombe radhi. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kiti. Nikasema yote, pamoja na jinsi kosa lilivyokuwa langu.

"Mie nilikuwa nimetulia, mwanangu," akasema. "Mwajuma aliniambia mwanasheria kasema nisubiri. Nikajua basi mnafuatilia."

Akamwita Mwajuma aniletee chai. Niliinywa, sikujua nifanye nini kingine.

Baada ya hapo nilikwenda kwa wajane wengi, nikakaa kumbi nyingi nikiulizia mambo kupitia pazia. Sikuwahi kumwona mmoja aliyechukia kufuatwa.

Mwaka jana nilistaafu kwa hiari. Katika hafla ya kuniaga vijana wa ofisini walinisifu sana. Mmoja akasema kinachomvutia kwangu ni subira, kwamba katika miaka yangu yote sikumharakisha mteja. Watu wakapiga makofi. Ni kweli. Hata Bi. Zuhura sikumharakisha.