Mkalimani wa Mtaa wa Kongo aliyenyamaza ili mwanafunzi wake aseme

Jogoo wa Kariakoo ni milango ya chuma. Ikianza kupandishwa, kumekucha. Asubuhi hii jogoo huyo bado hajawika, na Mtaa wa Kongo una nafasi ya mtu kutembea akirusha mikono, jambo ambalo baadaye kidogo litakuwa anasa. Lakini juu ya duka moja la vitenge, kwenye stoo ya ghorofani, sauti za watu zinapanda na kushuka kwa pamoja.

"Amo, amas, amat!"

Mpita njia mmoja anasimama, mswaki mdomoni, anainua kichwa kutazama dirishani.

"Hao wanasoma dua gani asubuhi yote hii?" anamuuliza muuza kahawa.

"Si dua. Wapo kwa Madam Evarista. Wanajifunza Kizungu cha marehemu."

Muuza kahawa hajakosea sana; maneno yale ni ya Kilatini: napenda, unapenda, anapenda. Kilatini hakina mtaa kinapozungumzwa tena duniani, lakini hapa Kariakoo kina wanafunzi kumi na wanne. Wamekaa juu ya marobota ya vitenge: wabeba mizigo, wauza viatu, dada mmoja wa duka la vipodozi. Kila mmoja ana haraka ya kuwahi kibarua, na kila mmoja anataka kujua Kifaransa.

Mwalimu wao, Evarista Chilumba, mwenye umri wa miaka 54, amesimama mbele akipunga mikono kama anayeongoza kwaya. Mdomo wake umefungwa. Akitaka kusema jambo, anaandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubavu wa katoni, kisha anagonga kwa rula.

Kipo kitu kimoja hakina mfupa, lakini kinavusha watu mpakani bila pasi ya kusafiria. Ndicho kilichomlisha Evarista kwa zaidi ya miaka ishirini: ulimi. Sasa ulimi upo, sauti ndiyo inayomtoka. Daktari amemwambia kuna uvimbe mdogo kwenye nyuzi za sauti, utaondolewa kwa upasuaji wiki ijayo, kisha atanyamaza kwa majuma kadhaa. Hata akipona, habari ya kupayuka sokoni ndiyo basi tena.

"Kumwambia mkalimani asiseme ni sawa na kumwambia kuku asidonoe," anasema kwa sauti inayokwaruza, kisha anacheka bila mlio.

Evarista alizaliwa Masasi, mtoto wa fundi seremala. Kilatini alikikuta katika shule ya sekondari ya wasichana iliyoendeshwa na masista huko Kusini, alikosoma mpaka kidato cha sita. Siku ya kwanza ya somo hilo wasichana walinung'unika. Kiingereza sawa, Kifaransa tutavumilia, lakini Kilatini tutaongea na nani?

Mwalimu wao alikuwa Sista Klementina, Mmakonde wa Newala, mfupi, mwenye macho ya kucheka. Hakuwakaripia. Aliwategea kitendawili.

"Mama alishakufa, wanawe wanapiga soga mpaka leo."

Mmoja akasema ni mgomba. Mwingine akasema ni moto na majivu. Wote wakakosa. Sista akadai apewe mji, kama ilivyo ada ya vitendawili. Wakampa Masasi, akakataa. Wakampa Songea, akakataa. Wakampa Dar es Salaam nzima na bandari yake, akatikisa kichwa.

"Mimi nikamwambia, haya Sista, nenda Roma," anakumbuka Evarista. "Akapiga makofi. Akasema, nimefika! Mama ni Kilatini. Wanawe ni Kifaransa, Kireno, Kitaliano, Kihispania. Ukimjua mama mtu, watoto hawakusumbui, utawatambua kwa sura."

Tangu hapo Evarista akakipenda. Hakuwa wa kwanza darasani, na matokeo ya kidato cha sita hayakumpeleka chuo kikuu. Yalimpeleka Gerezani, si jela bali kata iliyo jirani na Kariakoo, kwenye karakana na maduka ya vipuri, akiuza chai kwa mafundi.

Siku moja, akiwa na birika mkononi, alipita duka la Mtaa wa Msimbazi akakuta mama wa Kikongo na muuzaji wanapigiana kelele, kila mmoja kwa lugha yake, kila mmoja akidhani mwenzake ni kiziwi. Evarista akalitua birika na kuwaamua kwa Kifaransa chake cha shule. Mama yule akanunua, muuzaji akauza, na chai ikapoa.

"Walinilipa kuliko birika zima," anasema. "Nikajiuliza, kumbe nimekaa na mali kichwani nauza majani?"

Kazi ya ukalimani wa mtaani haina mshahara. Siku ya neema anapata shilingi elfu arobaini au hamsini kutoka kwa mteja anayemzungusha madukani. Yapo majuma asiyopata kitu. Hata hivyo, kwa kazi hiyo alisomesha watoto wawili, akahama chumba cha kupanga Buguruni na kujenga kwake Chanika.

Siku hizi vijana wanamwambia simu inatafsiri. Naye hawabishii. "Inatafsiri, ndiyo. Lakini mteja akinuna, simu haijui kubembeleza."

Darasa la ghorofani lina miaka mitatu. Stoo ni ya Hamood, muuza vitenge kwa jumla, mzee wa ndevu nyeupe na maneno mengi, aliyerithi duka hilo kwa baba yake. Hadai kodi. "Wakijua Kifaransa, nani atauza zaidi?" anauliza. "Si mimi? Basi nani anamsaidia nani hapo?"

Miongoni mwa wanafunzi yuko Twaha, mwenye miaka 34, msukuma mkokoteni, mwenyeji wa Buguruni. Huyu ndiye aliyegundua kuwa vitenzi vya Kilatini vinakwenda sawasawa na hatua za mtu mwenye mzigo. Amo, hatua, amas, hatua. Wenzake wakampachika jina la Padri Twaha, yeye ambaye Ijumaa haimpiti nje ya msikiti.

"Mwanzo walinicheka," anasema Twaha. "Padri, tuombee mvua isinyeshe! Nikawaacha. Sasa hivi watatu kati yao wamo darasani."

Katika darasa hili hakuna mtihani wa karatasi. Mtu anapimwa barabarani. Anampokea mteja halisi, anamsalimia, anamzungusha madukani mpaka mzigo ufungwe. Mwalimu anafuata nyuma. Akifungua mdomo hata kwa neno moja, mwanafunzi ameanguka.

Leo ni zamu ya Twaha, na mteja mwenyewe si wa kujaribia.

Mama Ngalula anatoka Kananga, ndani kabisa ya nchi ya Kongo, ambako Kiswahili si lugha ya watu. Maneno yake ya Kiswahili ni ya sokoni tu: ghali, punguza, kesho. Amenunua vitenge Kariakoo kwa miaka kumi na sita, siku zote akiwa na Evarista ubavuni. Wanawake wenzake wafanyabiashara humfuata kama vifaranga. Alipopigiwa simu kuambiwa habari ya koo na mwanafunzi, alijibu kwa mkato: atamtazama. Akiona wa kubahatisha, mzigo ujao ataununua nchi nyingine.

Kwa hiyo si riziki ya Twaha peke yake iliyopo mezani. Mama Ngalula akihama, wanafunzi wote kumi na wanne watakuwa wamejifunza kuongea na ukuta.

"Usiku nilisali rozari mbili," anakiri Evarista. "Moja ya koo, moja ya Twaha. Ya koo niliisali harakaharaka."

Mama Ngalula anashuka kwenye bajaji, kilemba kimesimama kama jengo. Twaha amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Anamsalimia kwa Kifaransa, anamuuliza safari, anamuuliza wajukuu, anamwachia nafasi ya kujibu. Nyuma yao Evarista anatembea mikono nyuma, kama mama mkwe anayekagua jiko.

Duka la kwanza linakwenda vizuri. La pili pia. La tatu ni la Hamood.

"Shikamoo, Mzee Hamood," anasema Twaha.

"Marahaba, Padri! Karibu na mgeni wako."

Vitenge vinashushwa, vinafunuliwa, vinapapaswa. Bei inatajwa. Mama Ngalula anasema ghali. Hamood anapunguza. Anasema ghali. Hamood anapunguza tena kidogo. Anasema ghali. Mzee anatupa mikono juu.

"Mwambie huyu bibi mkono wake ni kama kufuli la stoo yangu! Hela ikishaingia haitoki mpaka paitwe fundi!"

Hapo inafaa kueleza kanuni moja. Wakalimani wa mtaani husema tusi halivuki. Muuzaji akitukana, mkalimani analimeza, anavusha bei peke yake. Evarista ameishi kwa kanuni hiyo. Maneno ya Hamood ameyameza kwa miaka kumi na sita, mengine makubwa kuliko kufuli.

Twaha anayavusha yote. Kufuli, stoo, na fundi.

Mama Ngalula anakitua kitenge mezani polepole. Evarista mkono umeshafika kooni. Mdomo umefunguka nusu, anaufunga. Akisema neno tu, Twaha ameanguka. Asiposema, pengine wameanguka wote.

"Amesema hivyo?" anauliza Mama Ngalula.

Twaha angeweza kukana. Jasho limelowesha shati jeupe. "Amesema, Mama," anajibu kwa Kifaransa. "Mimi nasukuma mkokoteni mtaa huu tangu nikiwa kijana, namjua. Mteja ambaye yeye hampendi, anamwita mheshimiwa na kumfungia mzigo haraka aondoke. Aliyemzoea ndiye anayemtania. Kwetu mtu asiyekutania bado hajakupokea."

Mama Ngalula anageuka taratibu na kumkazia macho Evarista. "Miaka yote hii hajawahi kunitania?"

Evarista anajibu kwa kichwa. Anakiinamisha kukubali: amemtania, kila safari. Kisha anafanya kwa vidole ishara ya kutia kitu mdomoni na kukimeza.

Mama yule anaangua kicheko kinachowatoa watu maduka ya jirani. Anamgeukia Twaha.

"Mwambie kufuli lake limeshika kutu kwa kukosa wateja. Mafuta yake ni mimi. Nisipokuja, hata huyo fundi hatalifungua."

Twaha anavusha. Hamood anakaa chini kwa kishindo juu ya robota, machozi ya kicheko yanateremka ndevuni.

"Lo! Kumbe bibi una mdomo! Madam, wewe ulikuwa unanifichia mtu! Leteni kahawa hapa, na kashata!"

Bei inashuka bila kuombwa. Mama Ngalula anaongeza marobota mawili ambayo hakupanga kuyanunua, na kati ya kikombe na kikombe wazee hao wawili wanarushiana maneno, Twaha katikati anageuza shingo huku na huku kama mtazamaji wa mpira. Robota la mwisho linapofungwa kamba, Mama Ngalula anatoa simu.

"Nipe namba yako, kijana. Safari ijayo nakupigia wewe. Nina maneno ya miaka kumi na sita ya kudai hapa."

Nje ya duka, Twaha anamsogelea mwalimu wake. "Madam, nimevusha tusi. Nimefeli?"

Mzigo umeshafungwa, sasa ruhusa ya kusema ipo.

"Umefaulu, mwanangu," anasema Evarista. "Na somo moja nitakuja kulisoma kwako."

Baadaye, ameketi ghorofani na kikombe cha maji ya uvuguvugu, hafichi kwamba iliuma. "Sista alituambia ulimi wa mkalimani ni chujio. Nikachuja, nikachuja. Kumbe na utamu nao nilikuwa naubakiza kwenye chujio." Kisha uso unamkunjuka. "Lakini ulimsikia? Ulisikia alivyopanga yale maneno? Mtu wa mkokoteni! Sista Klementina angelia."

Wiki ijayo anaingia chumba cha upasuaji. Akitoka harudi tena barabarani, barabara ameikabidhi. Hamood ameshakubali stoo itumike na jioni pia, na Evarista anataka kuijaza wasichana wa madukani wanaosimama mchana kutwa nje wakiita wateja kwa lugha moja tu. Wataanza na Kilatini, wapende wasipende. Anayetaka kukutana na watoto, anasema, kwanza abishe hodi kwa mama mtu.

Anapoulizwa anatamani nini akishapona, hafikiri sana.

"Nipite Mtaa wa Kongo kama mteja yeyote, nimenyamaza zangu, nisikie Kifaransa kinatoka duka hili kinaingia duka lile," anasema. "Na mwanafunzi wangu akitaka kunitania kwamba nimezeeka, anitanie kwa Kifaransa kilichonyooka. Akikosea, hapo ndipo nitakaporudiwa na sauti."